Nyumba ya Watu Kumi na Sita

Mwalimu Zablon alikuwa na ugonjwa mmoja, na wanafunzi wake pale Suna waliujua vizuri kuliko hata mkewe. Akisikia kazi yoyote inatajwa, lazima aulize inafanywa na watu wangapi kwa siku ngapi. Mwambie mnapalilia mahindi, atauliza. Mwambie kanisa linapakwa rangi, atauliza. Kisha anafumba jicho moja, anazidisha, anagawanya, anakwambia, "Ongezeni watu watatu, mtamaliza Alhamisi." Na mara nyingi watu walimaliza Alhamisi kweli, ndiyo maana kichwa kilimvimba. Darasani alisimama mbele akauliza, "Watu wakiongezeka, siku?" Darasa zima likajibu, "Zinapungua!" "Na watu wakipungua?" "Zinaongezeka!" Hata wale wa kiti cha nyuma, ambao sehemu na asilimia ziliwatoa jasho, hilo walikuwa nalo kama jina la mama yao.

Kwa hivyo daktari wa Homa Bay alipomwita kando kwenye ukumbi wa wodi na kumwambia kwamba kakake ana wiki mbili, labda chini ya hapo, Zablon hakulia. Alifumba jicho moja. Alikuwa anatafuta kitu cha kugawanya.

Kakake ni Nicanor, dereva wa lori. Miaka kumi na mitano amevuka mpaka wa Isebania akipeleka simiti Mwanza na kurudi na mchele, na miaka yote hiyo kumi na mitano amesema neno moja: mwaka ujao najenga nyumbani. Akapata mke, Lorine, mwaka ujao. Akapata watoto, wa kwanza Bravin, mwaka ujao. Familia ikaishi nyumba ya kupanga pale Isebania, na nyumbani kwa baba yao mahali pake pakabaki nyasi za mbuzi. Kisha chakula kikaanza kumkwama kooni, kwanza nyama, halafu ugali, halafu chai, na alipofika hospitalini saratani ilikuwa imeshajaa kooni.

"Nipeleke nyumbani," Nicanor alisema siku hiyo. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, ilibidi uiname.

"Nyumbani wapi, Baba Bravin? Nyumba yako iko wapi?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na Zablon akatamani alirudishe. Lakini lilikuwa kweli. Mwanamume mwenye mke na watoto harudi kulala katika nyumba ya mama yake, hata awe mgonjwa namna gani. Huo ni mwiko wa Wajaluo ambao wachungaji wenyewe hawaugusi. Zablon akamwambia basi aje kwake Suna, kuna chumba, kuna kitanda.

"Nikafie kwa nyumba ya kupanga? Landilodi aje kudai maiti kodi?"

Wakacheka wote watatu, Lorine naye, mpaka kicheko cha Nicanor kikageuka kikohozi na nesi akaja kumwinua. Alipotulia alishika mkono wa mdogo wake.

"Nijengee, omera, ndugu yangu. Hata vyumba viwili vya udongo. Nilale humo usiku mmoja tu nikiwa na pumzi yangu. Nisiingie kwetu nikiwa nimebebwa kwa sanduku kama mzigo wa mtu."

"Utalala," Zablon alisema. "Wacha nipige hesabu."

Fundi wa kujenga alikuwa Magige, Mkuria mmoja mpole aliyekwisha kujenga nusu ya nyumba za kijiji cha baba yao, na aliyezungumza na Wajaluo kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo chake, kama alivyosema mwenyewe, kilikuwa cha kununulia samaki tu. Walisimama pamoja kwenye zile nyasi za mbuzi. Magige akapima kwa hatua, akatazama miti ya kujengea iliyokuwa imelala karibu na zizi, akasema yeye na vijana wake watatu watamaliza kwa siku kumi na mbili. Kuchimba mashimo, kusimamisha miti, kufunga fito, mabati, kukandika mara mbili, mlango.

"Nne mara kumi na mbili, arobaini na nane," Zablon akasema. "Nikikuletea watu kumi na sita ni siku tatu."

"Kumi na sita? Kwa vyumba viwili? Mwalimu, si watakanyagana vidole?"

"Wewe niachie hesabu. Kazi yako ni kuwapanga. Hawa wachimbe, hawa wachanganye udongo, hawa wafunge."

Magige alikuna shingo. Alitaka kuongeza neno, likafika mdomoni, akalimeza. Hapo si kwao, na wenye kwao ndio wanaojua mambo yao.

Basi Zablon akaingia kazini. Shule zilikuwa zimefungwa, akawapigia walimu wenzake. Akawapata waendesha boda boda wa stejini. Akawapata wanaume wa kwaya. Akazunguka siku nzima, na jioni alipopanga majina kichwani yalikuwa kumi na sita bila kasoro, akajisikia kama mtu aliyemshika Mungu shati. Siku tatu! Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi Nicanor yuko nyumbani. Jamani, alilala usingizi mzuri usiku ule, wa kwanza tangu kakake alazwe.

Na Jumatatu kazi iliendaje? Ilikwenda vizuri mpaka ikamtisha Magige. Kufika saa nne miti yote imesimama. Kufika saa sita fito zimefungwa pande tatu. Wanaume walivua mashati, wakaimba, wakataniana, mmoja akiangusha nyundo anazomewa kama goli limekosekana. Udongo ulikanyagwa na miguu kumi kwa mara moja. Mama yao alikuwa amekwenda zahanati ya jirani kupimwa presha. Zablon alipanga akirudi akute nyumba imesimama, afurahi. Saa nane, wakati mabati ya kwanza yanapanda, alitoa simu, akapiga video akizunguka nyumba yote, akamtumia Lorine. Akaandika, "Mwonyeshe Baba Bravin. Mwambie Alhamisi."

Saa tisa hivi akapita Nyanchoka.

Nyanchoka ni mama wa Kisii aliyeolewa boma la pili, muuza omena, mwenye sauti ambayo hata sokoni haihitaji kuinuliwa. Alikuwa na beseni kichwani. Akafika mbele ya lango, akageuka, akaona. Akaona umati wa wanaume vifua wazi. Akaona nyumba ambayo asubuhi haikuwepo. Akaona ni mahali pa Nicanor, yule Nicanor ambaye kijiji kizima kinajua amelazwa Homa Bay. Beseni lilianguka lenyewe.

"Uuuwi! Uuuwi, Nicanor! Nicanor ametuacha!"

Ndiyo. Maana huko nyumba ya mtu aliye hai hujengwa polepole: leo miti, mwezi ujao mabati, udongo unangoja mpaka mwenyewe apate nafasi. Nyumba inayoinuliwa na umati kwa siku moja ni ya namna moja tu. Ni ya mwanamume aliyekufa bila nyumba, kwa sababu maiti yake haiwezi kulazwa bomani kabla hajapata mlango wake. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Zablon alilijua, nyumba mbili tatu kama hizo alishazipigilia misumari yeye mwenyewe, akilia. Lakini wiki ile, mtu mzima na digrii yake, hakuona nyumba. Aliona kumi na sita na tatu.

"Mama Nyanchoka, nyamaza! Hajafa! Nyamaza nakuambia!" Alikimbia mpaka langoni, udongo mpaka magotini. Lakini kilio kikishaanza hakiulizi. Boma la juu wakaitikia. Wa ng'ambo ya kijito wakaitikia. Wanawake wakaanza kuja mbio mikono kichwani, na wale wanaume kumi na sita waliokuwa wakiimba wakakatiza wimbo, wakatazamana, wakatazama nyumba waliyoijenga. Mmoja wao akavaa shati lake polepole. Mwingine akavua kofia.

Na mama yao akatokea hapo hapo, akirudi kutoka zahanati. Alisikia kilio akiwa barabarani, akasikia jina. Alipofika langoni na kuona ile nyumba, alikaa chini kwenye omena zilizomwagika.

"Mmenificha tangu lini?" alimwuliza Zablon. Hakupiga kelele. "Mmeniambia niende zahanati ili mjenge? Mtoto wangu amekufa na mimi napimwa presha?"

"Mama, hajafa. Naapa mbele za Mungu. Mama nitazame."

"Na hii ni nini?"

Zablon angeweza kumweleza nini? Arobaini na nane gawanya kwa kumi na sita? Alipiga simu Homa Bay. Lorine akapokea.

"Shemeji, mpe simu. Mama asikie sauti yake. Haraka."

Akaweka sauti ya juu. Wanawake wa langoni walikuwa bado wanaomboleza, wengine ndio wanafika, hawajui kuna simu. Mwanzo ikasikika pumzi tu. Halafu ule mnong'ono.

"Zablon. Nani amekufa?"

Langoni kilio kiliendelea.

"Nimeona video. Nawasikia. Ni mimi?"

Mama akainyakua simu kwa mikono miwili. "Nika! Nika mwanangu, uko?"

"Niko, mama," alisema Nicanor. "Niko bado."

Zablon alikwenda nyuma ya zizi, akapiga paji la uso kwa ngumi yake mwenyewe, mara moja, mbili, mpaka Magige akaja kumshika mkono.

Jumanne kulipokucha alikuwa kando ya kitanda Homa Bay. Alijiandaa kutukanwa na alitaka kutukanwa, kwani hilo lingempunguzia uchungu. Lakini Nicanor alikuwa ameegemezwa mto, macho makubwa katika uso uliokwisha, na hakuwa na hasira.

"Niliyasikia matanga yangu," alisema. "Watu wachache wamepata hiyo bahati. Nyanchoka ananipenda kumbe."

"Nisamehe, Baba Bravin."

"Ile nyumba siwezi kuingia. Ile ulinijengea nikiwa nimekufa."

"Imebaki kidogo tu. Siku mbili, watu wale wale..."

"La." Nicanor akafumba macho, akapumzika, akafumbua. "Wale watu waondoe. Abaki Magige na vijana wake, wajenge kama wanavyojengea mtu. Hapo kwenye hesabu yako zinakuwa siku ngapi?"

Zablon hakutaka kufumba jicho lakini lilifumba lenyewe. Kazi ya siku moja ya watu kumi na sita ilikuwa imekwisha kufanyika. Kutoka arobaini na nane zilibaki thelathini na mbili. Wagawie watu wanne. "Nane," alisema.

"Nane." Nicanor alilionja lile neno kama mtu anayeonja mchuzi baada ya siku nyingi za kutokula. "Jana zilikuwa mbili, leo ni nane. Unaona? Zimeongezeka."

Hapo Zablon alipaswa kusema kitu. Alipaswa kusema, kaka, hizo ni siku za nyumba, si zako. Za nyumba na za kwako ni hesabu mbili, haziandikwi mstari mmoja. Miaka kumi na moja amesahihisha kosa la namna hiyo kwa kalamu nyekundu bila huruma. Alimtazama Lorine upande wa pili wa kitanda, na Lorine akatikisa kichwa kidogo sana. Zablon akasema, "Ndiyo. Zimeongezeka."

Na nane, alijipa moyo njiani, ni chini ya wiki mbili. Atafika. Akawapigia wale wengine wote simu, mmoja mmoja, akawaambia wasije.

Jumatano Magige na vijana wake watatu walifanya kazi. Jioni Lorine akapiga simu, sauti yake changamfu. "Amenywa uji, shemeji! Kikombe kizima. Jana alikuwa hamezi hata maji. Anataka kujua mlikuwa wangapi leo."

"Wanne. Zimebaki siku saba."

Minong'ono. Halafu Lorine tena, polepole, "Anasema kesho wawe wawili. Anauliza, wakiwa wawili ni ngapi?"

Zablon alikuwa amekaa juu ya rundo la fito. Alijua jibu kabla swali halijaisha. "Kumi na nne," akasema.

Alisikia upande ule kitu ambacho hakukitambua mara moja. Ni Nicanor alikuwa anacheka.

Basi Alhamisi walikuwa wawili. Wakakandika ukuta mmoja, na ilipofika saa saba Magige aliacha kazi, akanawa mikono, akaja kusimama mbele ya mwalimu.

"Mimi si mtu wa kuingilia," alisema. "Lakini nina macho. Ndugu yako anataka kulala hapa, siyo? Niruhusu niite watu. Si wengi, wanane, tisa. Tukandike leo na kesho. Kesho kutwa jioni uko naye hapa ndani. Mbona tunaivuta hii kazi kama hatutaki iishe?"

Zablon alijua ni kweli. Na asubuhi ile ile Lorine alimpigia kwa siri kutoka nje ya wodi, akamwambia daktari amesema kama ni kumtoa, wamtoe wiki hii, asingoje. Aliishika simu. Alilitafuta jina la mkuu wa kwaya, kidole kikakaa juu yake. Lakini hebu fikiria: awaite, nyumba iishe, kisha amwambie Nicanor siku zimekwisha? Maana ndivyo Nicanor atakavyosikia. Zimekwisha. Yule mtu anakunywa uji kwa ajili ya zile siku kumi na nne. Anazihesabu na mkewe usiku. Zablon alitaka kumleta nyumbani kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na hakuweza kuibonyeza ile simu.

"Endeleeni hivyo hivyo," alimwambia Magige. Magige akarudi kwenye udongo wake.

Jioni ikawa, "Kesho awe mmoja."

Ijumaa yule mmoja alikuwa Zablon. Alimwomba Magige asije, akavua viatu, akakanyaga udongo peke yake, akaubeba kwa karai, akaubandika ukutani. Ulikuwa unaanguka. Anabandika, anageuka kuchukua mwingine, nyuma yake tapu, umeanguka. Mikono ya chaki ile, ingejua nini? Mama akamletea chai, akakuta amekandika pahali padogo pa kutosha kuegemea mgongo.

"Kwani uko peke yako? Wale watu wako wengi wako wapi?"

"Wamepumzika, mama."

"Na Nika analetwa lini?"

"Karibuni."

Mama alikaa kwenye jiwe, akamtazama akifanya kazi. Baadaye aliinuka, akakunja mikono ya gauni, akaanza kumpasia matonge ya udongo. Zablon alitaka kumwambia aache, kwamba wakiwa wawili hesabu inabadilika. Aliyapokea matonge, akabandika, machozi yakimtiririka usoni, na mama akajifanya anaona ni jasho.

Saa kumi na mbili jioni simu ilikuja. Safari hii Nicanor aliongea mwenyewe, na Zablon alilazimika kuziba sikio la pili ili asikie.

"Wangapi?"

"Mimi tu."

"Zimebaki?"

"Ishirini na tano."

"Eh, omera." Pumzi. Pumzi nyingine. "Kesho wewe pia kaa. Umechoka. Kusiwe na mtu. Hapo zinakuwa ngapi?"

Ishirini na tano, gawanya kwa watu sifuri. Kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja mjanja anayeuliza hilo swali ili amwangushe mwalimu, na kila mwaka Zablon humjibu kwamba hilo halina jibu, kaa chini. Alitazama ile nyumba, ukuta mmoja na nusu, mabati nusu, jua likipita katikati ya fito.

"Hapo haziishi, Baba Bravin," alisema. "Kusipokuwa na mtu kazini, siku haziishi."

"Si ndiyo," Nicanor akasema. "Si ndiyo hiyo. Basi kaeni."

Jumamosi hakuna aliyefanya kazi. Zablon alioga, akavaa shati safi, akaketi kwenye kiti mbele ya nyumba, akamfukuza hata kuku aliyekuwa akichakura kwenye udongo. Magige alipita, akasimama nje ya lango, Zablon akamwashiria kwa mkono asiingie. Majirani walipita wakashangaa: mwalimu ameketi tu, na kazi imejaa mbele yake. Walidhani amechanganyikiwa. Yeye alikaa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Simu ilikuwa pajani. Hakuamini, jamani, mtu asije akasema aliamini. Lakini alikaa bila hata kuokota fito moja, kwa sababu alikuwa ameambiwa akae, na kwa sababu kila dakika iliyopita simu ikiwa kimya ilikuwa dakika.

Ililia saa saba kasorobo. Alipoipokea, Lorine alikuwa analia tu, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya gurudumu la kitanda.

Mama alitoka jikoni, akamwona alivyoishika ile simu. Safari hii alikuwa yeye wa kwanza kupiga ukemi.

Saa ile ile Magige akaingia langoni na kofia mkononi. Alimpa pole, kisha akauliza kwa upole lile swali ambalo ilikuwa lazima liulizwe, maana mwenye nyumba sasa haji mpaka nyumba iwepo. "Mwalimu. Niite watu wangapi?"

"Ita wote," Zablon akasema.

Na kesho yake alfajiri wote walikuja. Hakuna aliyewahesabu, Zablon hata kidogo. Walimu, kwaya, watu wa boda boda, madereva wenzake Nicanor kutoka Isebania na malori yao, Nyanchoka na wanawake wa soko wakileta maji. Jumapili saa tisa nyumba ilikuwa imekwisha, imekandikwa pande zote, mlango umetiwa bawaba. Haikuchukua hata siku nzima. Zablon alishika karai na kupokezana na wengine, na kila aliponyanyua macho aliona wazi bila kufumba jicho lolote: wangeachwa wafanye hivi wiki iliyopita, Jumatano nyumba ingekuwa tayari, na Alhamisi mtu angekuwa ndani anapumua. Mawazo hayo yalimrudia kila baada ya tonge. Alimwambia Lorine alipofika na gari la maiti. Alimwambia pale pale mlangoni, hakuweza kungoja. Lorine, macho yamevimba, akasema, "Shemeji, alikunywa uji siku tatu." Halafu akasema, "Sijui. Mimi pia sijui."

Jeneza liliingizwa jioni, likawekwa juu ya meza katika chumba cha mbele, alale humo usiku wake mmoja kabla ya kuzikwa. Watu walitulia. Mchungaji alikuwa anafungua kitabu chake. Mama akaingia akishikiliwa, akafika kati ya chumba, akagusa ukuta. Vidole vyake vinne viliingia ndani ya udongo. Akavitazama.

"Huu ukuta bado ni maji," alisema. Akawageukia wale wanaume wote, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna aliyefanya uzembe. "Mtoto wangu mgonjwa mnamlaza humu? Si atashikwa na baridi?"

Mchungaji aliinamisha kichwa. Zablon akatoka, akaenda jikoni, akajaza makaa kwenye jiko, akalipuliza mpaka likawaka vizuri, akalileta ndani na kuliweka chini karibu na ukuta, upande wa kichwa cha kakake. Kisha akachuchumaa hapo na kipande cha katoni, akaanza kulipepea.